Fidia ya Aliyeumia Kazini Si Sadaka



Siku chache baada ya sikukuu ya Epifania tulipokea barua iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi katika karatasi mbili za daftari la shule. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mke wa mtu aliyekuwa saidia fundi katika kazi ya ujenzi. Mwishoni mwa Februari mwaka jana mumewe alikuwa juu ya jukwaa la mirunda, orofa ya pili, akipokea ndoo za zege. Mrunda mmoja ukateleza, naye akaanguka. Hakufa. Lakini nyonga ilivunjika, mgongo nao ukaumia, na hata leo mwendo wake ni kutoka kitandani hadi mlangoni kwa magongo mawili, basi. Mwajiri wake alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, akalipa gharama za majuma mawili ya kwanza. Kisha akafika nyumbani na mfuko wa unga, mchele kilo kumi, na shilingi 200,000, akasali Rozari pamoja nao, na baada ya Rozari akatoa karatasi ili mgonjwa atie dole gumba kwamba mambo yamekwisha. Tena bwana huyu si mgeni kwao. Ni Mkristu wa parokia yao, mtoaji wa zaka, na ndiye aliyemsimamia mtoto wao wa tatu siku ya Ubatizo.

Mama yule hakutuomba fedha. Ndani ya bahasha aliweka shilingi 5,000 za kuombea Misa kwa nia ya mumewe, akauliza neno moja tu. Watu wamemwambia kwamba iko fidia iliyowekwa na serikali kwa ajili ya wanaoumia kazini. Je, Padre, ni dhambi kudai, na hali mtu yule ametutendea mema, na jambo lenyewe ni mapenzi ya Mungu?

Misa tumeisoma. Fedha tumemrudishia. Lakini swali lake tumeona tusilijibu kwa barua ya faragha, kwa maana twajua ya kuwa linaulizwa katika nyumba nyingi za Wakristu wetu, mijini na mashambani, nalo huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi hufa pale pale lilipoulizwa.

Jibu letu ni kwamba si dhambi. Na tungeweza kuishia hapo, kama kosa lililomo ndani ya swali lenyewe lisingekuwa kosa letu sote: la mwajiri, la mgonjwa, na la mapadri pia. Sote tumezoea kuhesabu fidia kuwa sadaka.

SADAKA NA DENI

Tumkumbuke Msamaria mwema. Yeye hakumjeruhi mtu yule aliyelala njiani, wala hakuwa amemwajiri; alimkuta tu. Alipompandisha juu ya mnyama wake, na kumwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, alitenda huruma safi, maana hakuwa na deni lolote kwake. Lakini sasa tufanye kwamba mtu yule alikuwa akiteremka kwenda Yeriko kwa kutumwa na Msamaria, amebeba mzigo wa Msamaria, kwa ujira wa Msamaria. Je, dinari zile mbili tungeziita huruma? Hasha. Tungeuliza kwanza: na siku zake za kazi alizopoteza, nani atazilipa? Na watoto wake, wanakula nini wakati yeye amelala?

Wala swali hili si la watu wa siku hizi waliosoma vitabu vya sheria. Lipo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, katika zile amri ambazo Waisraeli walipewa baada ya Amri Kumi. Humo twasoma habari ya watu wawili wanaogombana, na mmoja akampiga mwenziwe kwa jiwe au kwa ngumi. Aliyepigwa asipokufa, bali akalala kitandani, na baadaye akainuka na kutembea nje akiegemea fimbo yake, yule aliyempiga haachiliwi hivi hivi. Yampasa alipe kwa siku ambazo mwenzake hakufanya kazi, na ahakikishe ametibiwa mpaka amepona. Mambo mawili yametajwa pale, siku zilizopotea na matibabu mpaka mwisho. Haikusemwa ampelekee unga, wala haikusemwa matibabu ya majuma mawili. Tena aya chache mbele yake imeandikwa kwamba bwana akimtoa mtumwa wake jicho, au hata jino, itampasa amwache huru kwa ajili ya jicho au jino hilo. Hata katika nyakati zile ngumu, ambazo mtu aliweza kumilikiwa na mtu, kiungo cha maskini kilikuwa na thamani yake mbele ya Mungu, na thamani hiyo haikuachwa katika ukarimu wa bwana.

Basi unga ule na mchele ule, na Rozari ile, vilikuwa vitu vyema, na bwana yule Mungu amjalie. Hatutaki kumvunjia heshima. Wako wengine wengi ambao hata hospitali hawafiki. Lakini vitu vile havikuwa malipo, wala haviwezi kugeuka kuwa malipo kwa kutiwa dole gumba.

MNARA WA SILOAMU

Mama yetu asema ni mapenzi ya Mungu. Neno hili twalisikia kila siku katika misiba, na mara nyingi ni neno la imani. Mkristu anayepokea mateso yake na kuyaunganisha na Msalaba wa Bwana wetu anafanya jambo kubwa. Lakini kuna mtu mwingine ambaye hupenda kulisema neno hili kwa sababu nyingine kabisa, naye ni yule ambaye angepaswa kulipa.

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, Bwana wetu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa. Hatukuambiwa kama walikuwa wapita njia au mafundi wa mnara ule. Wale waliokuwa wakizungumza na Yesu walitaka kujua dhambi ya waliokufa, kama ambavyo rafiki zake Ayubu walitaka sana kujua dhambi ya Ayubu. Bwana akawakatalia. Akasema hawakuwa wakosefu kuliko watu wengine wa Yerusalemu, akawageuzia wasikilizaji wenyewe neno la toba. Yaani mbele ya mnara ulioanguka, aliye hai asiutazame mwenendo wa maiti. Autazame mwenendo wake mwenyewe.

Sisi nasi tumeona mnara wetu. Tarehe 29 Machi 2013 ilikuwa Ijumaa Kuu. Asubuhi ile, Wakristu wakijiandaa kwa ibada ya Mateso, jengo la orofa kumi na sita lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka lote, likawafunika mafundi na vibarua waliokuwa kazini, na hata watoto waliokuwa karibu. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wakati Kanisa linasoma jinsi Bwana alivyotundikwa, watu walikuwa wakifukua kifusi kwa mikono. Hatudhani kuna aliyethubutu siku ile kusimama mbele ya wajane na kuwaambia marehemu walizembea.

Lakini mtu mmoja mmoja anapoanguka, pasipo magazeti wala viongozi kufika, neno hilo husemwa haraka sana. Alizembea. Hakuvaa kofia ngumu. Alikuwa na usingizi. Aliambiwa asiguse mashine ile. Hata katika mashamba ya katani kule Tanga, ambako mashine ya kuparua majani huitwa korona (jina hili kwao ni la zamani, wala halikuja na ugonjwa), aliyekatwa vidole aliweza kuulizwa kwanza mkono wake ulikuwa unatafuta nini mle ndani. Na hapa ndipo tunapopenda wasomaji wetu waone jambo moja la sheria ya nchi yetu ambalo, kwa maoni yetu, limekaribia Injili kuliko wengi wetu tunavyokaribia. Sheria ya fidia haianzi kwa kuuliza ni nani aliyezembea. Huuliza mambo machache tu: mtu huyu alikuwa mfanyakazi? Je, aliumia kwa sababu ya kazi, na akiwa kazini? Ikiwa ndivyo, hulipwa. Aliyejidhuru kwa kusudi ni habari nyingine; lakini mtu aliyeteleza kama watu wanavyoteleza, aliyechoka kama watu wanavyochoka, hanyimwi haki yake kwa sababu hiyo.

SHERIA YENYEWE

Tusemé kidogo juu ya sheria hii, kwa maana wengi wameisikia kwa jina tu.

Wakati wa Waingereza ilikuwako sheria ya kuwalipa walioumia, nayo iliendelea hata miaka mingi baada ya Uhuru. Lakini viwango vyake viliandikwa kwa tarakimu zisizopanda, wakati shilingi ikishuka thamani, hata mwishowe mtu aliyepoteza nguvu zake zote za kazi alikuwa akihesabiwa fedha ambayo kwa miaka ya karibuni haikutosha kununua hata baiskeli mbili. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi, na kwa sheria hiyo ukaundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Ni wa Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo sheria yao.

Wanaochangia Mfuko ni waajiri peke yao. Mfanyakazi hachangii hata senti, na mwajiri anayemkata mfanyakazi mshahara ili apate fedha ya mchango huo amevunja sheria. Hapo mwanzo waajiri wa sekta binafsi walitoa asilimia moja ya mishahara yote wanayolipa; mwaka 2021 ikapunguzwa kuwa asilimia 0.6, na tangu Julai 2022 ni nusu ya asilimia, sawa na ile ya serikali. Tufanye hesabu kama watoto wa shule. Katika kila shilingi 1,000,000 za mishahara, mwajiri hutoa 5,000. Kwa saidia fundi anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku, ni shilingi 50. Sarafu ya shilingi 50, wasomaji wapenzi, ikidondoka njiani siku hizi wengi hatuinami kuiokota.

Na kwa shilingi 50 hiyo ya kila siku, aliyeumia hulipiwa matibabu. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hupewa asilimia 70 ya mshahara wake. Ikionekana baada ya matibabu kwamba ulemavu wake ni wa kudumu, madaktari hupima kiwango chake: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja, na unaozidi hapo hulipwa kila mwezi maisha yake yote. Akiwa hawezi kuoga wala kula pasipo kusaidiwa, yapo malipo kwa ajili ya yule anayemhudumia. Akifa, wapo wajane, wagane na watoto waliotajwa katika sheria, na gharama za mazishi zimewekwa. Hata ugonjwa uliotokana na kazi umo, kama vile vumbi la mgodini linaloharibu mapafu polepole, ambalo mchimbaji hulitambua akiwa ameshaacha machimbo na kurudi kwao.

Kibarua naye asidhani ameachwa nje kwa sababu hana karatasi ya ajira. Mapatano ya mdomo ni mapatano, na mshahara wa siku ni mshahara.

Katika mambo haya Kanisa halikuja nyuma ya serikali. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitaka vyama vya wafanyakazi viwe na mfuko wa kuwasaidia wanachama wanapopatwa na ajali, ugonjwa au uzee, na mifuko ya kuwaangalia wajane na yatima. Miaka 90 baadaye, mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alitoa waraka Laborem Exercens, akafundisha kwamba matibabu ya wafanyakazi, na hasa ya walioumia kazini, yapatikane kwa gharama ndogo au bila malipo kabisa, na kwamba mahali pa kazi pasimdhuru mtu mwili wala tabia. Huyu aliandika mambo aliyoyajua. Wakati wa vita, akiwa kijana, alivunja mawe katika machimbo karibu na Kraków.

Neno lenyewe fidia, Mkristu hapaswi kulisikia kama neno la ofisini. Twalijua tangu Katekisimu, kwa maana ndilo twatumialo kusema Mwana wa Mtu alikuja kutoa nini kwa ajili ya watu wengi. Yeye alilipa asichodaiwa, na sisi tunadaiwa.

SADAKA YA MWENYE DENI

Sasa tuseme na waajiri walio Wakristu, na tuseme kwa lugha ya Maandiko kuliko yetu, ili wasituchukie bure.

Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34, yapo maneno makali kupita mengi ya manabii. Mwenye hekima anasema kwamba anayetoa sadaka kwa mali ya maskini ni sawa na mtu anayemchinja mtoto mbele ya macho ya baba yake. Na anayemnyima kibarua ujira wake anamwita mmwaga damu.

Mwaka 1514, katika kisiwa cha Cuba, alikuwako padre Mhispania jina lake Bartolomé de las Casas. Alikuwa amegawiwa wenyeji wa kisiwa kile wamtumikie mashambani na machimboni, kama walivyogawiwa Wahispania wengine. Hakuwa mtu mkatili. Alijihesabu kuwa bwana mwema, nao waliofanya kazi chini yake pengine walisema hivyo pia. Akasoma Misa, akatoa sadaka, akahubiri. Ikafika karibu na Pentekoste, akawa anatayarisha mahubiri, akifungua Maandiko ili atafute la kuwaambia waamini. Jicho lake likaangukia sura hii hii ya 34 ya Sira. Alikuwa ametafuta neno la kuwaambia wengine, nalo likamwambia yeye. Akakaa siku kadhaa na neno lile. Kisha akawarudisha watu wale aliokuwa amegawiwa, na siku ya Bikira Maria kupalizwa Mbinguni akasimama mimbarini akawaambia Wahispania wenzake waziwazi kwa nini. Maisha yake yaliyobaki, zaidi ya miaka hamsini, aliyatumia kuwatetea.

Mwajiri Mkristu anayetoa zaka kamili, na mchango wa jimbo, na bati za kanisa, lakini hajapeleka ile nusu ya asilimia kwa ajili ya watu wake, afungue sura ile asome mwenyewe. Hatumwambii aache kutoa zaka. Twamwambia zile shilingi 50 za kila siku zilitangulia kuwa deni kabla zaka haijawa sadaka.

Na tukisema haya hatuwezi kujificha nyuma ya mimbari. Katika parokia moja tuliyotumikia miaka iliyopita, kijana alianguka wakati wa kupaua kanisa la kigango. Mkono wake wa kuume haukurudi kuwa mkono wa kazi. Tulimpeleka hospitali, Jumapili tukapitisha kapu, waamini wakatoa vizuri sana, nasi tukamkabidhi fedha mbele ya altare na watu wakapiga makofi. Jioni tukaandika katika daftari la parokia, chini ya safu ya misaada kwa maskini. Hatukujua, au tuseme hatukujishughulisha kujua, kwamba parokia inayoajiri ni mwajiri kama waajiri wengine. Hatukuwa tumejiandikisha katika Mfuko, wala ajali haikupelekwa popote. Tulipokuja kutambua, mwaka ulikuwa umepita. Kijana yule sasa ni mtu mwenye mke na mtoto, anauza karanga na vocha za simu karibu na kituo cha mabasi, na kila tunapopita anatuamkia kwa moyo mweupe. Kiasi fulani tumeanza kumlipa kwa makubaliano na halmashauri ya walei. Haijaisha. Daftari lile bado lipo, na maandishi yetu yapo palepale, katika safu isiyo yake.

Kwa hiyo twawaomba maparoko wenzetu, na masista wenye shule na zahanati, na vyama vya kitume vinavyojenga kumbi: mlinzi wa usiku, mpishi wa shule, dereva, fundi wa kanisa, tuwaandikishe wote. Tusingoje kapu.

Kwa wafanyakazi wenyewe tuna machache. Kofia ngumu na mkanda vivaliwe hata jua likiwa kali. Aliyepona asijifanye mgonjwa, maana anachokula ni cha mjane wa mwingine. Na familia zetu zikumbuke kwamba katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba aliamriwa aweke ukingo juu ya dari yake, mtu asianguke, na damu isiwe juu ya nyumba ile. Amri hiyo ilikuwa kwa mwenye nyumba wa kawaida, si kwa tajiri wa makampuni. Kijana anayetuchimbia shimo la choo, na binti anayetupikia kwa sufuria kubwa siku ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto wetu, ni watu wa nyumba yetu siku ile.

Basi, mama, turudi kwako.

Kudai si kumshitaki mtu. Ikiwa bwana yule alipeleka michango yake, fedha utakayopata haitoki mfukoni mwake hata kidogo. Inatoka katika Mfuko, nao uliwekwa kwa ajili ya siku kama ile ya Februari. Na ikiwa hakupeleka, basi hilo ni neno kati yake na sheria, wala si wewe uliyemweka katika hali hiyo. Karatasi ya dole gumba isikuogopeshe. Mume wako hakuwa na uwezo wa kuuza haki ya watoto wake wanne akiwa kitandani, kwa unga.

Twajua kinachowazuia ni ule Ubatizo. Umeandika kwamba mume wako anasema hawezi kumpeleka ofisini mtu aliyemshika mwanawe kisimani. Twamheshimu kwa moyo huo. Lakini msimamizi wa Ubatizo aliulizwa siku ile kama yuko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto, naye akajibu ndiyo mbele ya Kanisa. Wakati wa kuwasaidia ndio huu. Fomu ya kutoa taarifa ya ajali ina sehemu ambayo mwajiri mwenyewe ndiye hujaza. Sheria ilimtaka atoe taarifa ndani ya siku saba tangu ajulishwe, nazo zimepita zamani. Hata hivyo aijaze sasa. Akisita, mwende wenyewe kwenye ofisi ya Mfuko au kwa afisa kazi wa mkoa, pamoja na vyeti vya hospitali, na jina la fundi mmoja au wawili waliokuwapo.

Lisiloweza kusubiri ni tarehe. Taarifa isipofika kwenye Mfuko ndani ya miezi kumi na miwili tangu ajali, haki hupotea, na tangu mumeo aanguke umebaki muda usiofika miezi miwili. Kwa ruhusa yako tumezungumza na paroko wenu kwa simu. Amekwisha kumwona bwana yule mara moja, na Jumatano baada ya Misa ya asubuhi watakuja nyumbani kwenu wote wawili. Tafadhali mtafute cheti cha kwanza kabisa cha hospitali, kile chenye tarehe.